Ukwapi wa Mchana, Utao wa Usiku: Kusoma Umbo la Bustani ya Forodhani

Richard Burton, Mwingereza aliyekaa Unguja mwaka 1857 kabla ya kuvuka kwenda bara, alikuwa na ulimi mkali, na forodha ya Sultani haikunusurika nao. Ofisi iliyokusanya ushuru wa biashara ya pwani yote aliieleza kuwa ni banda tu, paa refu la makuti lililoinama chini, limeshikiliwa na magogo dazeni mbili hivi ambayo hata hayakuchongwa. Chini ya paa hilo, akaandika, mamilioni ya dola yalikuwa yakipita kila mwaka. Alikusudia kudharau. Hata hivyo, kwa anayetaka kuisoma Bustani ya Forodhani, iliyopo leo mahali pa forodha hiyo katika Mji Mkongwe wa Unguja, dharau hiyo ni hati yenye faida kuliko picha nyingi za posta, kwa sababu inatueleza forodha ilikuwa na umbo gani: paa, nguzo, ufuko na watu wanaopita. Kitu cha namna hiyo kikiondoka hakiachi gofu.

Hapo ndipo penye ugumu wa bustani hii, na uzuri wake pia. Jirani zake wote ni wa mawe. Ngome Kongwe imesimama tangu Waomani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash ni ya mwaka 1883, na ipo bado, ingawa sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Upande wa pili kuna Jumba la Mayatima, ambalo barabara inapita chini yake. Forodha yenyewe, iliyolipia sehemu kubwa ya fahari ya masultani, haina hata msingi unaoonekana. (Lile jengo lililo mbele zaidi, Barabara ya Mizingani, linaloitwa Forodha ya Zamani na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na chuo cha muziki, ni jingine, lisichanganywe na banda la Burton.) Mbunifu wa bustani aliyepewa gofu ana bahati. Atalizungushia njia, atalimulika kwa taa, atapanda mkilua pembeni, na watu watasema historia imehifadhiwa. Aliyepewa mahali ambapo historia yake yote ilikuwa ni kupita tu, afanyeje?

Tutazame kwanza kilichokuwa kikipita. Kutoka bara, pembe za ndovu na sandarusi. Kutoka mashamba ya Unguja na Pemba, karafuu. Kutoka ng'ambo ya bahari, ile nguo ngumu isiyopaushwa iliyokuja kuitwa merikani, na shanga, na bunduki, na nyaya za shaba ambazo bila hizo msafara haukwenda popote. Bidhaa zilizoingia zilitozwa asilimia 5, kiwango kilichomo katika mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833. Sultani hakukusanya kwa mkono wake. Forodha ilikodishwa: tajiri alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Kwa miongo kadhaa tajiri huyo alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kutch, na wakala wao Ladha Damji ndiye ambaye wasafiri wa Kizungu walimwendea walipotaka fedha na bidhaa za safari. Watu nao walipita hapo. Watumwa walioshushwa kutoka Kilwa na kwingineko walitozwa ushuru kwa kichwa, wakaandikwa kama robota linavyoandikwa, ndipo wakapelekwa sokoni.

Mwendo wa vyote hivyo ulikuwa wa namna moja. Mzigo ulitoka chomboni, ukabebwa na mahamali hadi mchangani, ukasimama chini ya paa, ukahesabiwa, ukaingia mjini. Au ukafuata njia hiyo hiyo kurudi majini. Mtu akiuchora mwendo huo kwenye ramani atapata mstari unaouvuka ufuko moja kwa moja, maji upande huu na mji upande ule. Naomba msomaji aushike mstari huo. Ndio utakaotuongoza, maana bustani iliyokuja baadaye ilianza kwa kuukata.

Historia ya katikati naipitia haraka. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga ufuko huu kwa muda usiotimia saa moja, Khalid bin Barghash, aliyekuwa ametwaa kiti cha usultani bila ridhaa yao, akakimbia, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib haukupona. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama papo hapo bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji hadi 1912. Mwaka 1905 reli ya Bububu, ya kilomita 11 hivi, ilianza kazi kutoka hapo karibu na Ngome, na kabla miaka ya 1920 haijaisha ilikuwa imekwisha. Katika miaka hiyo hiyo gati mpya ilijengwa mtaa wa Malindi, hapo hapo mjini. Meli zikahamia huko na mizigo ikazifuata. Ufuko wa mbele ya Ngome, uliokuwa mlango wa nchi, ukawa uwanja usio na kazi.

Mwaka 1936 ukapewa kazi mpya. Sultani Khalifa bin Harub alikuwa ametimiza miaka 25 ya utawala, na kwa kumwadhimisha ikatengenezwa Bustani ya Jubilii. Wengi huipita tarehe hii wakidhani ni ya mapambo tu. Mimi naiona kuwa ndiyo siku ardhi ile ilipoambiwa kwa mara ya kwanza itulie. Fikiria vipengele vyake: majani yaliyokatwa sawasawa, njia zilizonyooka, miti ya kivuli, na katikati jukwaa ambalo bendi ya Sultani, yenye wanamuziki wengi wa Kigoa, ilipigia muziki kusikilizwa na watu. Jukwaa la bendi ni umbo lililotoka katika miji ya Kiingereza ya pembezoni mwa bahari, na kazi yake ni kumfanya mtu aipe bahari kisogo au ubavu. Macho yote yanaelekea katikati. Hakuna anayenunua, hakuna anayebeba, hakuna anayehesabu. Watu wameketi au wanatembea taratibu. Na wanatembea wapi? Kandokando ya ufuko, kutoka upande wa Jumba la Mayatima kuelekea upande wa Beit al-Ajaib na kurudi. Ule mstari wa zamani uliotoka majini kwenda mjini ulikatwa kwa mstari mpya ulio sambamba na maji.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya umbo la bustani hii, na iliifanya vizuri kupita kiasi. Sisemi kwamba aliyeichora alikaa akapanga kuficha biashara ya utumwa au pesa za Jairam Shivji. Hakuhitaji kupanga. Umbo la matembezi ya jioni linasahau lenyewe. Linamwomba mtu asiulize kwa nini pale pana nafasi tupu mbele ya ngome na jumba la kifalme, katika mji ambao kila shubiri ya ardhi imejengwa hadi watu wakipishana vichochoroni hulazimika kugeuka ubavu. Nafasi kubwa namna ile katika Mji Mkongwe haiwi tupu bila sababu, na sababu yake ni kwamba hapo palikuwa pa mizigo.

Kuna kipande kimoja cha bustani ambacho kinautaja ule mstari wa zamani, nacho kinautaja kwa kuchekesha. Karibu na bahari limesimama tao jeupe la nakshi za Kiarabu. Lilijengwa mwaka 1956 kwa ajili ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, ili atoke majini apite chini yake aingie mjini. Inasimuliwa kwamba siku ilipofika alishukia kwingine, penye majahazi, na tao likabaki bila kupitwa na mgeni wake. Nalipenda tao hilo kuliko vingi vilivyomo bustanini. Ni mlango unaotazama pande mbili sahihi, maji na mji, mahali hasa ambapo kwa miaka mingi vitu vilipita bila mlango wowote. Waliolijenga walihisi kwamba mahali pale panadai kuingia. Walichokosea ni aina ya anayeingia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la Jubilii likaondoka, na Forodhani likabaki. Lakini jina peke yake lingekuwa kumbukumbu dhaifu. Bustani hii imekumbuka kwa njia nyingine, ambayo haikuchorwa na mtu yeyote ofisini, na kuieleza itanibidi niazime msamiati wa washairi.

Mshororo wa shairi la kimapokeo una vipande viwili, ukwapi na utao. Kina cha kati hufunga ukwapi, kina cha mwisho hufunga utao. Ukwapi peke yake, hata ukiwa mzuri, haujatimiza mizani. Wahakiki wengi wa bustani, na picha zote za matangazo, husoma ukwapi wa Forodhani: mchana, majani, jukwaa, tao, wazee kivulini, watoto. Kisha wanafunga kitabu. Kina cha kati cha mahali hapa ni adhana ya magharibi. Jua linazama upande wa bahari, misikiti ya Mji Mkongwe inaitikiana, na katika muda huo huo mikokoteni na meza zinaanza kuwasili. Hapo ndipo utao unapoanza, na anayeondoka kabla yake amesoma nusu mshororo.

Utao ni soko la chakula. Anayelijua atanisamehe nikiliorodhesha, maana kwa mhakiki wa umbo orodha ni ushahidi. Meza zinapangwa kwa safu. Juu yake pweza, kamba, jodari, mishikaki ya nyama, mihogo, ndizi, chapati, mikate ya kumimina. Pembeni mashine ya miwa inasaga, ndimu na tangawizi zikiwa humo humo. Kuna urojo, na kuna ile pizza ya Zanzibar ambayo Mtaliano hataitambua: unga uliotandazwa ukawa mwembamba, ukajazwa nyama, yai na kitunguu, ukakunjwa pande nne, ukakaangwa kwenye chuma. Wauzaji wamevaa kofia ndefu nyeupe za wapishi. Taa zinaning'inia juu ya kila meza. Zamani zilikuwa karabai, na wenye umri wanakumbuka mlio wake. Kila kitu kiko juu ya meza, wazi, kwa idadi, kikingoja kutajiwa bei.

Ondoa harufu, ubaki na mchoro. Safu za bidhaa zilizoshushwa. Watu waliosimama nyuma yake na watu waliosimama mbele yake. Hesabu inayofanywa kwa mdomo. Lugha nyingi kwa wakati mmoja, na mwitaji anayekisia utaifa wa mgeni kabla hajamsalimu. Bei isiyokuwa moja kwa wote, kama kila Mzanzibari anavyojua na kila mtalii anavyoshuku. Hakuna kuta. Usiku ukiiva, kila kitu kinakunjwa na kuondoka, na asubuhi mfagiaji anakuta sakafu tu. Hili ni banda la Burton. Limerudi bila makuti na bila magogo, lakini na mpangilio wake ule ule: kivuli au mwanga juu, bidhaa chini, watu wanaopita, na fedha ya kigeni ikiingia mifukoni mwa wenyeji kwa kiasi kisicholingana. Mwelekeo ndio uliogeuka. Zamani bara ilishushwa hapa ili ulimwengu uichukue. Sasa ulimwengu unashuka hapa kula.

Sidai kwamba wauzaji wa pweza wanaigiza historia kwa makusudi. Wangenicheka. Wako pale kwa sababu pana nafasi, pana upepo na pana watu, na hizo ndizo sababu hasa zilizoiweka forodha pale. Umbo la mahali lina ubishi. Ukilinyima kazi yake mchana, litaitafuta usiku.

Kwa hiyo jaribio gumu la bustani hii lilikuja pale ilipobidi ijengwe upya. Kufikia miaka ya 2000 ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa, mvua ikinyesha maji yalituama, na uwanja ulikuwa matope na vumbi kwa zamu. Shirika la Aga Khan la Utamaduni liliikarabati kati ya 2008 na 2009, na ikafunguliwa Julai 2009. Ukuta ulijengwa upya, mifereji ikachimbwa, taa zikawekwa, njia zikatandazwa, sehemu ya michezo ya watoto ikatengwa. Wauzaji walihamishwa wakati wa ujenzi, wakarudi ulipokwisha. Kazi za namna hii, popote duniani, huwa na kishawishi kimoja: kumsafisha muuzaji kwa kumjengea kibanda. Kibanda kina namba, kina kufuli, kina karo, na katika muda mfupi kina ukoo unaokimiliki. Soko linalokuja na kuondoka huwa duka.

Forodhani hilo halikufanyika, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya usanifu wake wa sasa. Wauzaji walipewa sakafu. Sakafu ya mawe inayooshwa, yenye mwanga na mahali pa maji kwenda, na juu yake hewa tupu. Mchana sehemu ile inaonekana kama kosa la mchoraji, uwanja mkavu usio na maua pembeni mwa majani yaliyotunzwa, na nimewasikia wageni wakiulizana kwa nini hapakupandwa kitu. Jibu ni kwamba pamepandwa soko, nalo huota usiku. Kuacha nafasi bila kuijaza ni uamuzi mgumu kuliko kuweka chemchemi, kwa sababu anayelipia kazi hutaka aone fedha yake imekwenda wapi. Katika shairi tungeita pumziko, na pumziko nalo lina mizani.

Shirika hilo hilo lilikuwa limefungua bustani nyingine miaka minne kabla, na kuzilinganisha kunasaidia. Al-Azhar Park ya Cairo, iliyofunguliwa 2005, ina hekta 30 juu ya kilima cha Darassa, ambacho kwa karne tano hivi kilikuwa jaa la taka la mji. Huko nako palikuwa na mahali palipobeba maisha ya watu kisha pakasahauliwa. Mji uliligeuzia jaa kisogo. Lakini walipochimba, chini ya taka ulijitokeza ukuta wa mji wa enzi ya Salah al-Din, wa karne ya 12, zaidi ya kilomita moja ya mawe. Kuanzia hapo bustani ilipata uti. Njia yake kuu, yenye mitende pande zote, imenyooshwa kuelekea minara ya msikiti wa Muhammad Ali juu ya Ngome ya Cairo, na ukingo wake wa magharibi umelala juu ya ukuta wa kale. Ni kazi nzuri, na watu wa mtaa wa Darb al-Ahmar ulio chini yake wanastahili kuifaidi. Kama umbo, hata hivyo, ni rahisi kuliko Forodhani. Cairo jiwe lilijitokeza likajieleza. Tena jiwe hilo ni la masultani. Taka, ambazo ndizo zilizokuwa historia ya kilima kile kwa miaka mia tano, yaani vyungu vilivyovunjika na majivu ya mafundi na ya watu wa kawaida, zilisombwa au kufunikwa. Bustani ya Cairo ilikumbuka enzi ya Salah al-Din kwa kuisahau ile ya jaa. Forodhani, kwa kukosa jiwe, haikupata nafasi ya kufanya ubaguzi huo kwa urahisi.

Ulinganisho wa pili uko karibu zaidi, na unauma. Dakika chache kwa miguu kutoka Forodhani ni Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia sahihi Barghash akiwa amebanwa na Waingereza. Hapo Waanglikana walijenga kanisa kuu lao. Kwenye ua wake kuna sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Kiswidi, za mwaka 1998: watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, na mtazamaji analazimika kuinamisha kichwa ili awaone. Umbo linafanya kazi yake bila maneno. Anayetazama yuko juu, anayetazamwa yuko chini, na hakuna kiti cha kumstarehesha yeyote.

Sasa weka mahali hapo pawili kwenye ramani moja. Palipouzwa watu pana shimo na minyororo. Palipolipiwa ushuru wa watu hao, kichwa kwa kichwa, pana majani na juisi ya miwa. Tumemhukumu dalali, tumemsamehe karani. Sipendekezi shimo Forodhani; mahali ambapo watoto wanacheza na familia za mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, zinakuja kula sikukuu hapawezi kugeuzwa kaburi, wala hapapaswi. Ila mgawanyo huo wa kumbukumbu si wa haki, na umbo la bustani linashiriki. Utumwa unaonekana kuwa habari ya uwanja mmoja wa soko, uliokwisha fungwa na kutubiwa, na si habari ya dola nzima iliyokuwa na mizani, daftari na asilimia. Soko lilifungwa kwa siku moja. Daftari liliendelea na kazi yake.

Hapa ndipo nalikosoa lile pumziko nililolisifu. Sakafu ya 2009 imeacha nafasi, lakini ni nafasi bubu. Jiwe ni la aina moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, na linapita juu ya banda, juu ya reli, juu ya njia ya mahamali, bila kubadilisha rangi wala mshono. Msomaji makini anaweza kuhisi historia katika mwendo wa watu usiku, kama nilivyojaribu kuonyesha. Mtoto wa shule anayeletwa asubuhi hataihisi. Mtu atasema waweke kibao cha maelezo. Kibao si umbo. Kibao husomwa na anayesoma, katika lugha iliyoandikwa, na kikishika kutu hung'olewa. Sakafu hukanyagwa na kila mtu.

Kabla ya kusema ninachotaka, nitaje ukingo, maana ndio sehemu ya bustani inayoishi zaidi na inayozungumzwa kidogo. Alasiri, maji yakijaa, vijana hupanda ukuta wa bahari na kuruka. Wanaita makachu. Mmoja anakimbia kutoka ndani ya bustani, anavuka njia ya watembeaji, anakanyaga ukingo na kujitupa, akijikunja hewani kabla ya kuyapiga maji, huku watalii wakiinua simu. Nimesema kwamba bustani ya 1936 iliukata mstari wa zamani wa maji na mji kwa mstari wa matembezi. Vijana hawa wanaukata tena ule wa matembezi, kila siku, kwa miili yao, na mtembeaji inambidi asimame awapishe. Mbunifu angeweza kuwazuia kwa uzio mdogo, kwa jina la usalama, na hoja ingekuwapo. Ukuta umeachwa wazi na hoja hiyo haikushinda. Kwa yeyote atakayekuja na mchoro mpya wa ukingo ule, ombi langu la kwanza ni hilo: uzio usiwekwe.

Ombi la pili ni la sakafu. Beit al-Ajaib inadai ukarabati mkubwa, na ukarabati wa jengo kubwa namna ile hauwezi kuiacha bustani iliyo mbele yake ilivyo. Mitambo itapita, mifereji itafunguliwa, mawe yatang'olewa na kurudishwa. Mawe yakishang'olewa, yasirudishwe bila kuulizwa. Zipo picha za kale za ufuko ule, zipo ramani za mji, wapo wanaakiolojia waliokwisha kuchimba Ngome. Patafutwe mahali banda lilipokuwa, kwa kadiri inavyowezekana, na zile nguzo dazeni mbili za Burton ziwekwe sakafuni kama duara ishirini na nne za jiwe jeusi, zilizolala usawa na mengine ili meza isiyumbe juu yake. Reli nayo ipewe mishono yake miwili kuelekea Malindi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya taa mpya. Hakuna muuzaji atakayehamishwa, na hakuna mti utakaokatwa. Muuza pweza atapanga meza yake kati ya nguzo ya tisa na ya kumi, atawaambia wateja wake wapi pa kumkuta, na Mamlaka ya Mji Mkongwe haitahitaji kuandika kibao.

Mpaka hapo, hukumu yangu ni kwamba Forodhani ni bustani iliyochorwa nusu vizuri na kutumiwa vizuri kabisa. Anayekwenda kuihakiki asiende asubuhi.